Maswali ya Wasomaji: Pale Gesi Isipotii PV = nRT

Barua nyingi safari hii zinagusa jambo moja: hesabu ya PV = nRT imefanywa vizuri, lakini geji, mizani au jedwali linasema kitu kingine. Hiyo ni kanuni ya gesi kamilifu: presha (P) mara ujazo (V) ni sawa na idadi ya moli (n, kipimo cha wingi wa molekuli) mara namba isiyobadilika (R) mara halijoto kwa kelvini (T, yaani nyuzi jumlisha 273). Tumechagua sita. Presha zote humu ni kamili, yaani zimehesabiwa kuanzia sifuri ya kweli, isipokuwa tukisema ni ya geji. Bar 1 ni karibu sawa na presha ya hewa inayotuzunguka, ambayo geji haiihesabu.

Nina mitungi miwili karakanani, mmoja wa oksijeni na mmoja wa CO2. Wa oksijeni mshale wa geji unashuka kidogo kidogo kadiri ninavyofanya kazi. Wa CO2 unakaa palepale, karibu na 60, halafu unaanza kuporomoka. Nimebadilisha geji na mambo ni yaleyale. Tatizo nini?
*Fundi wa kuchomelea, Temeke*

Fundi, geji zako ni nzima. Kilicho tofauti ni hali ya kilichomo ndani ya mitungi.

Kila gesi ina halijoto yake ya ukomo. Juu ya hapo, hata uibane kiasi gani, haigeuki kimiminika. Chini ya hapo, ukiibana vya kutosha, inageuka. Ukomo wa oksijeni ni nyuzi −118.6, kwa hiyo Temeke oksijeni ni gesi tupu hata mtungi ukiwa na 150 bar. Ukitumia nusu, presha inabaki karibu nusu. Ukomo wa CO2 ni nyuzi 31.0. Asubuhi karakana ikiwa na nyuzi 25, chini ya mtungi kuna kimiminika na juu yake mvuke. Maadamu tone la kimiminika limebaki, presha haifuati kiasi kilichomo, inafuata halijoto peke yake: 57 bar kwa nyuzi 20, 64 kwa nyuzi 25, 72 kwa nyuzi 30. Ukivuta mvuke, kimiminika kinachemka na kujaza pengo, na mshale unatulia.

Hapa ndipo mafundi wengi wanapoteza fedha. Chukua mtungi wa lita 30 uliojazwa kilo 20. Kimiminika kikiisha kwa nyuzi 25, mtungi mzima umejaa mvuke wa 64 bar, na mshale ndiyo kwanza unaanza kushuka. Umebaki na kiasi gani? PV = nRT inasema gramu 114 kwa kila lita, jumla kilo 3.4. Jedwali la vipimo vya CO2 linasema gramu 243 kwa lita, jumla kilo 7.3. Ni zaidi ya maradufu, kwa sababu mvuke ulio ukingoni mwa kugeuka kimiminika una molekuli zinazovutana sana, na kwa presha ileile zinaenea nyingi zaidi. Anayerudisha mtungi mara tu mshale unapoanza kushuka anarudisha zaidi ya theluthi ya gesi aliyoilipia.

Tahadhari moja. Ukivuta gesi kwa kasi, kimiminika kinachemka, mtungi unapoa, na mshale unashuka hata kama kimiminika bado kipo. Funga koki, uache mtungi urudie joto la karakana. Mshale ukipanda hadi pale ulipokuwa, kimiminika kipo. Kipimo cha uhakika ni mizani: uzito wa mtungi mtupu umegongwa kwenye bega lake, toa huo kwenye uzito unaousoma.

Mchana joto likipita nyuzi 31, utaona kitu kingine tena. Mshale utapita 74, na utaanza kushuka tangu unapofungua koki. Ndani hakuna tena mpaka kati ya kimiminika na mvuke, kumekuwa kitu kimoja kizito. Thomas Andrews wa Belfast ndiye aliyelieleza hili waziwazi mwaka 1869, akitumia CO2 hiihii ndani ya mrija wa kioo.

Gesi ya jikoni nayo ni vivyo hivyo, ila haifiki huko: ukomo wa propani ni nyuzi 96.7 na wa butani ni karibu 152. Geji kwenye mtungi wa kilo 15 haiwezi kukuambia kimebaki kiasi gani mpaka kimiminika kimekwisha. Pima uzito.

Kifaa cha kuzimia moto cha shuleni kina kilo 5 za CO2 katika mtungi wa lita 7.5. Kwa PV = nRT nikapata 375 bar kwa nyuzi 25. Jedwali linasema 64. Nikajaribu mlinganyo wa van der Waals nikapata 226. Niwaambie wanafunzi nini?
*Mwalimu wa fizikia, Kisumu*

Mwalimu, hesabu zote mbili umezifanya sawasawa, na hakuna hata moja inayofaa hapa. Twende hatua kwa hatua, maana mfano huu ni bora kuliko mingi ya vitabuni.

Kilo 5 ni moli 113.6, basi kila moli imepewa mililita 66. Mlinganyo wa van der Waals unairekebisha PV = nRT kwa mambo mawili, mvutano wa molekuli (a) na ukubwa wao (b). Kiasi anachokitenga kwa ajili ya ukubwa wa molekuli zenyewe, b, ni mililita 43 kwa moli ya CO2. Theluthi mbili ya nafasi imekwishaliwa na molekuli. PV = nRT inachukulia kuwa molekuli hazina ukubwa na hazivutani, kwa hiyo huku haina msingi wowote. Ukigawanya presha ya kweli kwa ile ya hesabu, 64 kwa 375, unapata 0.17. Uwiano huo ndio unaoitwa Z. Ikiwa 1, gesi ni kamilifu. Kadiri inavyokwenda mbali na 1, ndivyo gesi inavyokwenda mbali na kanuni.

Kwa nini 226 nayo si sahihi? Mlinganyo wa van der Waals umechukulia kuwa mtungi mzima una kitu kimoja kilichoenea sawasawa, ilhali kimejigawa mara mbili. Jaribio la kwanza kabla ya mlinganyo wowote ni hili: angalia msongamano. Kwa nyuzi 25, kimiminika cha CO2 kina gramu 711 kwa lita na mvuke gramu 243. Wako ni gramu 667. Umeangukia katikati, kwa hiyo vyote viwili vipo, na presha ni ile ya jedwali, 64 bar. Sehemu ya ujazo iliyo kimiminika ni (667 − 243) ÷ (711 − 243), yaani 0.91.

Sasa wape wanafunzi sehemu inayohusu usalama. Mtungi ukipata joto, kimiminika kinatanuka haraka. Kati ya nyuzi 27 na 28 kinaujaza mtungi wote, na kuanzia hapo presha inapanda kwa zaidi ya bar 3 kila digrii: karibu 107 kwa nyuzi 40, karibu 140 kwa nyuzi 50. PV = nRT inasema kutoka nyuzi 25 hadi 40 presha itaongezeka kwa asilimia 5 tu. Kweli ni kwamba imeongezeka kwa karibu asilimia 67. Kwa hiyo kanuni ileile inayotia chumvi kwenye presha yenyewe inapunguza mno kasi ya kupanda kwake, na hilo la pili ndilo la hatari.

Ndiyo maana mjazaji hupima kwa mizani na si kwa geji. Akizidisha gramu 600 tu kwenye mtungi huo, kwa nyuzi 50 presha inakaribia 175. Mitungi ya CO2 kwa kawaida hujaribiwa kwa 250 bar na ina kisahani kinachopasuka ili kuachia gesi kabla chuma hakijashindwa, lakini kisahani hakipaswi kuwa sababu ya kuuacha mtungi juani au nyuma ya gari lililofungwa vioo.

Swali la mtihani wa majaribio: moli 2 za CO2 ziko katika chombo cha lita 2 kwa nyuzi 27. Tafuta presha kwa kanuni ya gesi kamilifu na kwa van der Waals. Kila mmoja darasani alipata jibu lake, mwingine hata hasi.
*Mwanafunzi wa kidato cha sita, Morogoro*

Andika kwanza vipimo vyako pembeni: R = 0.08314 lita·bar kwa moli kwa kelvini, a = 3.640 lita²·bar kwa moli², b = 0.04267 lita kwa moli, T = 300 K.

Gesi kamilifu: 2 × 0.08314 × 300 ÷ 2 = 24.9 bar.

Van der Waals: P = nRT/(V − nb) − an²/V². Sehemu ya kwanza, 49.88 ÷ (2 − 0.0853) = 26.05. Sehemu ya pili, 3.640 × 4 ÷ 4 = 3.64. Jibu ni 22.4 bar. Vipimo vya maabara vinatoa karibu 22.0, basi mlinganyo umeziba sehemu kubwa ya pengo.

Tazama jinsi zile sehemu mbili zinavyovutana. Ukubwa wa molekuli (b) umepandisha presha kutoka 24.9 hadi 26.05. Mvutano (a) umeishusha kwa 3.64. Katika presha za wastani mvutano ndio unaoshinda na Z inakuwa chini ya 1. Ukiendelea kubana, molekuli zinaanza kusukumana, b inashinda, na Z inapanda kupita 1. Mtahini akikuuliza kwa nini mchoro wa Z unazama kisha unainuka, hilo ndilo jibu, wala usiandike kwamba „gesi halisi ina presha ndogo kuliko kamilifu“ kana kwamba ni kanuni ya daima.

Majibu ya wenzako yametoka hapa. Aliyepata hasi ameweka 27 badala ya 300: sehemu ya kwanza inakuwa 2.34, ukitoa 3.64 unabaki na −1.3. Aliyepata 24.2 amesahau kupiga n kipeo cha pili. Aliyepata 18.8 amegawanya kwa V badala ya V². Na aliyekosa kwa kiasi kidogo tu huenda amechanganya a ya bar (3.640) na R ya atm (0.0821), ukitumia atm, a ni 3.592. Katika vipimo vya SI, a ni 0.3640 Pa·m⁶ kwa moli² na b ni 4.267 × 10⁻⁵ m³ kwa moli.

Johannes van der Waals alitoa mlinganyo huu katika tasnifu yake ya Leiden mwaka 1873, akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1910. Unaeleza vizuri kwa nini gesi inapotoka, ila katika namba si mkali sana. Mfano mmoja: kuna halijoto ambapo mvutano na msukumano vinafutana na gesi inafuata kanuni ya Boyle (presha mara ujazo haibadiliki halijoto ikiwa ileile) kwa masafa marefu. Van der Waals anaitaja kwa naitrojeni kuwa a/Rb, sawa na 426 K. Vipimo vinasema karibu 327 K. Wahandisi wa leo hutumia milinganyo iliyojengwa juu ya wake, kama wa Redlich na Kwong wa 1949 na wa Peng na Robinson wa 1976.

Tairi za gari nazo zinahitaji mahesabu haya ya gesi halisi?
*Dereva, Dodoma*

Hapana. Hewa kwa presha ya tairi iko karibu mno na gesi kamilifu, na tofauti haionekani kwenye geji yoyote ya mtaani. Kosa linalotokea ni jingine: kusahau kuongeza 1 kwenye usomaji wa geji. Tairi ya 2.2 bar ya geji kwa nyuzi 25 ina 3.2 bar kamili. Ikipanda hadi nyuzi 55, ni 3.2 × 328 ÷ 298 = 3.52, yaani 2.5 kwenye geji. Ndiyo maana tairi hupimwa ikiwa baridi, na huipunguzi upepo ikiwa imetoka safarini.

Bajaji na taksi za gesi asilia: fundi alinikokotolea kwamba mtungi wa lita 50 kwa 200 bar unabeba kilo 6.4. Kituoni mashine ikaandika 7 na ushee. Siku nyingine inaandika chini ya 7 na presha ni ileile. Naibiwa?
*Dereva wa taksi, Ubungo*

Kwa maelezo haya, hapana, na fundi wako naye hakudanganya. Ametumia PV = nRT, ambayo kwa methani kwa nyuzi 27 na 200 bar inatoa gramu 129 kwa lita. Gesi ya Songo Songo ni methani kwa sehemu kubwa sana, na ukomo wa methani ni nyuzi −82.6, kwa hiyo mtungini ni gesi tupu, hakuna kimiminika. Hata hivyo kwa 200 bar molekuli zimekaribiana kiasi cha kuvutana, na Z ni karibu 0.83. Gawanya 6.4 kwa 0.83: unapata kilo 7.7. Upotovu huu unakufaidi wewe, kwani umebeba zaidi ya kilo moja ambayo gesi kamilifu isingekupa nafasi ya kubeba.

Sasa ile siku ya chini ya 7. Gesi ikisukumwa haraka ndani ya mtungi inajibana na kupata joto. Tuseme imefika nyuzi 50 wakati mashine inakatika kwa 200 bar. Hapo mambo mawili yanakupunguzia kwa pamoja: gesi yenye joto huchukua nafasi zaidi, na Z yake imepanda hadi karibu 0.89 kwa sababu molekuli zinazokwenda kasi hazivutani sana. Matokeo ni karibu kilo 6.7. Baada ya saa moja mtungi ukipoa, geji itasoma chini ya 200 na utadhani kuna uvujaji. Kabla ya kumlaumu mtu, soma geji ukiwa umepoa, kisha soma tena baada ya muda gari likiwa limezimwa na halijoto haijabadilika. Ikiendelea kushuka, huo ni uvujaji: paka povu la sabuni kwenye viungio na upeleke gari kwa fundi mwenye idhini.

Ukijaza asubuhi, mtungi ukiwa umepoa na kituo hakina msururu wa kukuharakisha, utabeba zaidi. Usimwombe mjazaji apitishe 200 kufidia joto. Mtungi na vali vimepangiwa presha hiyo.

Wanaouliza kama kubana zaidi na zaidi kunalipa: kwa haidrojeni hakulipi hivyo. Magari ya haidrojeni hubeba gesi kwa 700 bar, na huko Z ni karibu 1.47 kwa nyuzi 15. Kanuni inaahidi gramu 59 kwa lita, mtungi unatoa 40. Molekuli zake zinavutana kidogo mno, kwa hiyo ukubwa wao ndio unaotawala.

Regulata ya CO2 inaota barafu kisha gesi inakatika katikati ya kazi. Ya oksijeni haifanyi hivyo. Na nimesikia haidrojeni ndiyo hupata joto. Imekaaje?
*Fundi wa bodi za magari, Mombasa*

Gesi ikipita kwenye tundu dogo la regulata kutoka presha kubwa kwenda ndogo, molekuli zinaachana. Kama zinavutana, kuziachanisha kunahitaji nishati, na kwa kuwa zinapita haraka bila kupata joto la nje, nishati hiyo inatoka kwenye mwendo wao wenyewe. Mwendo ukipungua, halijoto inashuka. Gesi kamilifu, isiyo na mvutano, isingepoa hata kidogo. James Joule na William Thomson walianza kulipima jambo hili mwaka 1852.

CO2 inavutana sana: kwa presha ndogo na joto la kawaida inapoa kwa zaidi kidogo ya digrii 1 kila bar inayoshuka, wakati naitrojeni na hewa hupoa kwa karibu robo digrii. Kutoka 60 hadi 4 bar, ukizidisha kwa 1.1, gesi ya nyuzi 25 ingefika −37. Hali halisi ni kali zaidi, kwa sababu mvuke unaotoka mtungini uko ukingoni mwa kugeuka kimiminika na hapo kila bar inapoza zaidi. Halafu kuna kizingiti kingine: chini ya 5.2 bar, CO2 haiwezi kuwa kimiminika kabisa. Ikipoa kupita kiasi katika presha hiyo inatoka kama chembe za barafu kavu, na hizo ndizo zinazoziba tundu. Unyevu uliomo kwenye gesi nao unaganda palepale. Ile barafu nyeupe ya nje ni maji ya hewa ya Mombasa tu, haina madhara, ila inakupa taarifa kuwa ndani kumeshapoa.

Kwa kazi fupi ya lita 10 hadi 15 kwa dakika, shaba ya regulata huvuta joto la kutosha kutoka hewani. Kwa kazi ndefu isiyokatika, tumia regulata yenye hita ya umeme, iwashwe dakika chache kabla ya kufungua gesi. Kama huna, unganisha mitungi miwili sambamba, kila mmoja na regulata yake, ili kila moja ipitishe nusu. Mtungi usimame wima muda wote. Ukilala, kimiminika kinaingia kwenye regulata na hakuna hita itakayokimudu. Na uhakikishe si mtungi wenye bomba la ndani linalofika chini, ambao umetengenezwa kutoa kimiminika. Ikiganda, funga koki ya mtungi, acha ipate joto lenyewe au mwagia maji ya uvuguvugu. Moto wa tochi usiusogeze.

Kuhusu haidrojeni, umesikia kweli. Kila gesi ina halijoto ambayo juu yake kushuka kwa presha kunaipasha joto badala ya kuipoza. Kwa naitrojeni ni zaidi ya nyuzi 300, kwa hiyo hatuioni katika maisha ya kawaida. Kwa haidrojeni ni karibu −73, na kwa heliamu karibu −233, kwa hiyo zote mbili kwenye karakana yako zitapata joto kidogo. Carl von Linde alitumia upoaji huu kuigeuza hewa kuwa kimiminika mwaka 1895. Kwa heliamu njia hiyo peke yake haikuwezekana: Heike Kamerlingh Onnes, kule Leiden mwaka 1908, alilazimika kuipoza kwanza kwa haidrojeni ya kimiminika, ndipo vali ikaanza kuipoza badala ya kuipasha.